Mgomo Wetu wa Nyumba Huku Balambala

Mpenzi mke wangu, Mama Mghoi,

Pokea salamu zilizokaangwa na jua. U hali gani? Mghoi anaendeleaje na kile kikohozi? Mimi ni mzima, ila nakohoa chaki, maana ningali nalala stoo ya shule, kichwa kwenye maboksi ya vitabu, miguu pale ambapo pangekuwa na mlango. Sijasahau neno lako: hutakanyaga huku mpaka nipate nyumba ya kuitwa nyumba.

Basi nimeipigania. Umesikia redioni walimu nchi nzima tumegoma. Wanasema hata ng'ambo wenzetu wanalilia yale yale, nyumba, heshima, na darasa lisilojaa kama zizi. Sisi huku tuko watatu. Tulifunga madarasa, tukakaa kivulini ukutani mwa ofisi, tukanuna. Siku nne tulinuna, na serikali haikupita hata kwa bahati mbaya.

Siku ya tano wakaja wazazi. Huku mtu akijitenga na kununa, maana yake amekosewa, na ukoo wa aliyemkosea lazima utoe mifugo. Mzee Abdi, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaketi mbele yangu.

"Maalim, nani alikukosea?"

"Serikali, mzee."

"Na hapa mtu ya serikali ni nani?"

Kwa ujinga wangu nikasema, "Chifu."

Mama Mghoi, walimleta chifu! Wakamweka katikati na kofia yake, kesi ikasikizwa asubuhi nzima, akahukumiwa kutoa ngamia kwa niaba ya serikali yote. Maskini akaruka: "Walahi, hata mimi ofisi yangu iko kwa nyumba ya mke yangu! Mimi bia nagoma!" Alimaanisha "pia", si kinywaji, akaja kuketi nasi ukutani. Sasa tuko wanne.

Wazee wakashauriana upya, wakaona serikali iko mbali mno kukamatwa. Kesho yake kina mama wakaja na fito na mikeka, wakaanza kunijengea herio, nyumba kama zao. Nikawakimbilia. Nikawasihi waache, kwa sababu wakinijengea wao, serikali itasema mwalimu hana shida. Mama Halima, fundi wao mkuu, hata hakuacha kufunga kamba.

"Maalim, hii nyumba si ya serikali. Hii ni ya bibi yako. Serikali kesi yake bado iko."

Machozi yalinitoka, nikasingizia chaki.

"Bibi yako ni refu namna gani?" akauliza. Nikaweka mkono sikioni kwangu, wakakata fito kwa kipimo hicho. Mlango upo, ni mkeka mpya wa kukunja. Mgomo unaendelea, siku hizi nanunia mlangoni pangu.

Tatizo ni Mzee Abdi. Jana aliuliza, "Nyumba iko. Bibi iko wabi?" Nikamwambia unafikiria. Wazee wakatazamana. Kumjengea mtu nyumba halafu asije ni dharau, na dharau huku ina kesi. Ameshaniuliza njia ya kuja huko kwenu Wundanyi, na kama baba yako anafuga.

Nisalimie mama mkwe, shemeji Mwadime fundi wa baiskeli, na shangazi anayeniombea. Baba mkwe mwambie afiche ng'ombe. Au wewe njoo, mpenzi. Nina hamu nawe mpaka hata kununa sinuni vizuri.

Mumeo wa mlangoni,
Baba Mghoi