Nati Nne za Doto

Jumatatu, 4 Agosti
Uji, nguo za mwanangu Neema, kisha chini ya tela. Ndiyo ratiba. Tela ni nyumba yetu ya magurudumu, mume wangu Doto aliachiwa na wawindaji aliowatengenezea magari. Springi moja imekatika. Isipobadilishwa halivutiki, na nataka livutwe mpaka kwa mama yangu, kijijini Litapunga, kabla ya mvua. Inashikwa na nati nne. Kutu tupu. Doto alizikaza mwenyewe. Ana miezi mitano kaburini na bado ananishinda nguvu.

Jumanne, 5 Agosti
Shemeji Kulwa kaja kusaidia. Pacha wa Doto. Uwanja huu wa Kawajense ni wa kwao. Sipendi kumwona kalala chini ya tela, miguu tu nje. Viatu ni vya marehemu, nilimpa mimi. Neema kachuchumaa. "Baba, toka."
Kulwa hakumsahihisha. "Natoka, mama."
Nimesikia baridi mchana kweupe.

Jumatano, 6 Agosti
Dizeli na oili chafu tangu jana. Leo tumepasha kwa mkaa, tumegonga. Nati ya kwanza imelia kama mtu anakohoa. Zote zimelegea nusu mzunguko. Tumeziacha zilowe.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimerudi kutoka kliniki na mtoto. Nati zote zimekaza tena. Kulwa anasema ni kutu. Kutu gani ya asubuhi moja? Mama mkwe kasimama mlangoni: "Mwenyewe hataki muondoke. Na Kulwa si yupo?"
Naogopa. Nimechoka mpaka kuogopa kwenyewe ni kazi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumelegeza tena. Nimechora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, zote nne. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetoka kanisani, nikaenda moja kwa moja chini ya tela. Mistari yote imeachana. Nati zimezungushwa upande wa kukaza.
Nimemuuliza Kulwa mbele ya mama yake. "Shemeji, anayekaza ni wewe au marehemu?"
Kulwa kajibu: "Neema akiniita baba, nasahau aliyekufa ni nani. Mkiondoka, anakufa mara ya pili."
Nimemhurumia kweli. Nimemwambia kwamba mtoto nitamleta amsalimie, ila mimi sirithiwi kama spana. Mama mkwe kaguna, kaingia ndani.
Kulwa akanifuata. "Nilikaza tatu. Ile ya nyuma sijaigusa. Haki ya Mungu."
Uso wake haukuwa wa mtu anayedanganya. Bora ungekuwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nati tatu zimetoka. Ya nyuma imegoma. Nimemwambia Kulwa akae pembeni na Neema, nimeshika msumeno wa chuma mwenyewe. Saa mbili mpaka saa sita. Mikono malengelenge. Nilikuwa naongea. Baba Neema, mtoto ni wako, sikatai. Tuachie twende.
Kilibaki kipande chembamba. Sikukikata. Nilishusha msumeno nipumzike, kikaachia chenyewe.
Kulwa kavua kofia.

Jumatano, 13 Agosti
Litapunga. Jana Kulwa alifunga springi, akanipa spana nikaze nati mpya mwenyewe. Trekta likatufikisha jioni hiyo.
Leo nimeamka mapema, nimeingia chini ya tela. Nati zote nne ziko nilivyoziacha.
Nilidhani nitafurahi. Nimekaa hapo chini mpaka jua likanifikia miguuni. Kisha nimejikung'uta, nimekwenda na mama kuchota maji.