Jivu Ulilotandaza Kisimani

Baba yangu,

Mama amekataa tena. Binti yako Karimi alinipigia simu jana akilia kwa hasira, mimi nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi hapa Kisumu, mikono imejaa saruji. Mama bado anachota maji ya kisima chako na kumpikia mtoto wa Karimi uji. Ukimuuliza, anajibu, "Mzee ndiye aliyekichimba. Akiniambia nikifunge, nitakifunga." Anakataa kutusikiliza sisi watoto. Kwa hivyo nimeona nikuandikie wewe, ingawa tulikuzika.

Unakumbuka ile yadi iliyofunguliwa juu ya shamba letu, upande wa barabara ya Kiirua? Walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari, wanayeyusha risasi, ile metali nzito iliyomo, na kwenda kuiuza. Moshi wao ulituuma macho. Maji makali ya zile betri waliyamwaga kwenye mfereji unaoteremka hadi kwenye migomba yetu. Tulinung'unika kidogo tukanyamaza, maana majirani walikuwa wamepata vibarua pale. Halafu jivu la tanuri lao lilikuwa la bure, na wewe jivu hukuwahi kulipita. Maharagwe yako yalikaa kwenye jivu msimu hadi msimu bila kutobolewa na wadudu.

Siku ile ulirudi na mkokoteni umejaa. Jirani yetu Kaburu alikuwa ameegemea ua.

"Mzee, kumbe hata wadudu wanakuogopa?"

"Wananijua. Wewe wanakuona mgeni, ndiyo maana wanakula kwako."

Alicheka, kisha akaomba gunia moja. Ukampa. Wengine walipokuja ukawapa pia. Lililobaki ulilitandaza kuzunguka mdomo wa kisima ili mama asiteleze kwenye tope. Tulilikanyaga pamoja, mimi na wewe, hadi likawa gumu. Ulisimama ukalitazama, ukasema, "Sasa mama yako atatembea kama yuko kanisani."

Tulivyofundishwa, jivu ni jivu. La jikoni linalinda mbegu na kukausha tope, kwa nini la yadi lisifanye hivyo? Lakini mwenye yadi alijua anachoyeyusha. Alisimama langoni akituangalia tukipakia na kusema, "Chukueni, wazee, chukueni yote." Hapo ndipo roho yangu inapokwama, Baba. Alikuwa anatutumia kama shimo la taka, na sisi tunamwambia asante.

Ulipokwisha kuzikwa, walikuja wapimaji wenye chupa. Wakachimba udongo wa migombani, wakachota maji ya kisima, wakamtoa mtoto wa Karimi damu. Waliporudi walisema kuna sumu ya risasi kwenye udongo, kwenye maji, na kwenye damu ya mtoto. Wenzake wa rika walianza kuongea siku nyingi. Yeye bado anaonyesha kwa kidole. Mama aliuliza kama akichemsha maji itatoka. Wakasema haitoki kwa kuchemsha, tutafute maji mengine. Kisha wakapanda gari lao. Mwenye yadi alikuwa amekwisha kung'oa mabati na kuhama, na sijasikia mtu aliyemfuata.

Kaburu sasa anapita bila kutusalimu. Anawaambia watu sokoni kwamba maharagwe yao yaliharibiwa na jivu lako, jivu la Mzee Mugambi. Ni kweli, na tena si kweli.

Karimi anachota kwenye tangi la kanisa. Ni mbali na kuna foleni, lakini maji yapo. Akigeuka tu, mama anarudi kisimani. Nimemsihi kwa simu hadi nimechoka. Mara ya mwisho aliniambia, "Uliacha shule darasa la sita. Leo unajua maji kuliko baba yako?" Nikakata simu.

Lakini kuna jambo mama amelisahau. Kisima cha babu, kule bondeni, kilipoanza kuporomoka kuta, wazee walikuja kukuonya usikiguse, kwamba kisima cha mzazi hakifukiwi. Ulivua koti ukachukua beleshi. Mama ndiye aliyekuletea mawe kwa karai. Mzee mmoja akakuuliza, "Unamzika baba yako mara ya pili?" Hukuacha hata kazi. Ulisema, "Baba alichimba ili tuishi. Angeona watoto wake wanatumbukia humu, angekifukia mwenyewe."

Maneno ni yako, na mama alikuwa hapo hapo, karai kichwani.

Nimemwambia Karimi amsomee mama barua hii kwa sauti, wakiwa wamesimama kisimani. Mahali ambapo Kiswahili changu hakimfikii, amgeuzie kwa Kimeru. Mama alisema atakifunga ukimwambia. Basi umemwambia.

Nitarudi nyumbani Krismasi. Nimejaza misingi ya nyumba za watu nisiowajua, sitashindwa kufunika shimo la nyumbani. Lile jivu gumu tulilokanyaga nitalipiga sururu nilitoe lote, na yale maharagwe ya ghalani hayatapikwa wala kupandwa. Mfuniko wa zege nitaumwaga mnene. Sikulaumu, Baba, na sitaki mtu akulaumu mbele yangu.

Lala salama. Mimi nitaleta saruji. Mawe nitamwachia mama, anajua kuyabeba.

Mwanao wa kwanza