Karatasi Niliyomwandikia Mwanaisha

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu nyingi kutoka Mji wa Kale. Mamako mdogo amejifungua binti, na babu yako amepata nafuu ya goti. Sasa aswali kwa kusimama.

Umeniuliza, ukijifunza amri za kompyuta, usome yale maelezo marefu kwenye skrini au muhtasari wa mifano michache.

Ujanani nilitunza kompyuta ya zahanati moja Bondeni. Nilipokwenda likizo nilimwachia mwenzangu Mwanaisha karatasi yenye muhtasari wa amri moja tu, ya kunakili rekodi za wagonjwa kwenye kanda ya sumaku. Wiki hiyo kompyuta ikaharibika. Mwanaisha alipotaka kuzirudisha rekodi, alitumia amri ile ile. Kumbe kurudisha kulitaka herufi nyingine katika amri; ile ya kunakili ikaandika upya juu ya kanda, na rekodi zikafutika.

Niliporudi, nilimkuta mkubwa wetu akimlaumu.

"Nilifuata karatasi," alisema Mwanaisha, bila kunitaja.

Nikasema, "Karatasi ni yangu. Onyo lilikuwamo kwenye maelezo marefu, nikaliacha nikiona litamchosha."

Tuliwaita wagonjwa mmoja mmoja tukaziandika rekodi zao upya. Mzee mmoja hakuzikumbuka dawa zake, akatuomba radhi sisi.

Muhtasari nautumia hadi leo, maana wanifikisha upesi. Lakini amri inayoweza kufuta kitu naisoma kwenye maelezo marefu mpaka mwisho. Aliyefupisha alichagua cha kuacha, na huenda alikuwa mtu mwema mwenye haraka, kama nilivyokuwa mimi.

Mola akutunze huko uliko.

Bibi yako,
Zuhura