Mguu wa Kinu cha Mama Ntumba

Jumatatu, 9 Juni
Baridi kali. Nimewasha makaa ya karakana mapema. Chuma cha kumiminwa kalibuni, hii fonte, hakipendi baridi; kikipoa ghafla kinapasuka. Leo kimeletwa kinu cha mahindi cha Mama Ntumba, wa Kasungami. Mguu wa fonte umekatika kwenye fremu ya chuma cha kawaida. Kalala anasema kazi ndogo. Kwake kazi zote ni ndogo. Miaka kumi na miwili tunafanya kazi pamoja, na ni baba wa ubatizo wa binti yangu. Namvumilia.

Jumanne, 10 Juni
Simu kutoka Kambove. Baba mdogo amefariki. Nikamaliza kwanza. Nilipasha mguu moto mpaka mate niliyotema yakaruka juu yake, nikachomelea mshono kidogo kidogo, kila mara urefu wa kidole gumba, nikigongagonga kwa nyundo. Kisha tukauzika ndani ya pipa la majivu. Ukae humo mpaka kesho, upoe polepole. Nilimwambia Kalala mara mbili. Akacheka, akasema nimekuwa bibi kizee. Saa sita nikapanda gari.

Alhamisi, 12 Juni
Kambove. Tumezika. Nimechoka kulia.

Ijumaa, 13 Juni
Nimerudi. Mama Ntumba alikuwa mlangoni kwangu, hata salamu hakunipa. Jana mguu ulipasuka kando ya mshono, kinu kikaanguka wakati kinasaga. Kidogo kimvunje mguu wake mwenyewe. Akasema: "Kalala anasema ni weye njo ulitosha chuma mu majivu, juu ulikuwa na haraka ya kilio."
Eti mimi ndiye nilikitoa majivuni kabla hakijapoa, niwahi kilio. Kilio cha baba yangu mdogo! Na mama huyu anaimba kwaya ya kanisani kwetu. Ameshawaambia kwaya nzima. Watu wanatoka mbali kuniletea fonte, kwa jina langu tu. Sina kingine.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemwaga pipa. Katikati majivu yameshikana mabonge magumu. Yalimwagiwa maji. Fonte ya moto, maji! Hata asiyejua kazi angeogopa. Tena mama mwenyewe anasema alipelekewa kinu Jumanne saa kumi. Saa kumi mimi nilikuwa Likasi, ndani ya gari, njiani kwenda Kambove.
Nimemwekea Kalala bonge mkononi. Hakukana. "Mama alikuwa analia, bantu balikuya na mahindi yabo. Miye ningefanya nini?" Hilo ningelisamehe. Haraka ni ya kila mtu. Nikamuuliza kwa nini alinitaja mimi. Akatazama chini. "Weye haukukuwa hapa."
Basi ndiyo hiyo. Sikuwepo, kwa hiyo nibebe. Nina hasira. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo niliivaa mwenyewe.
Nimempelekea Mama Ntumba mabonge. Ameamini. Ameomba radhi. Lakini kwaya imeshasikia, na maji yakimwagika hayazoleki.

Jumapili, 15 Juni
Sikuenda misa. Sikutaka kuonana na kwaya. Asubuhi nilifagia karakana, nikatenga vifaa vya Kalala upande wake: koleo, brashi ya waya, kofia ya kuchomelea. Sikuvunja kitu.
Mchana mke wangu alisonga bukari, ugali wetu wa mahindi, na sombe ya majani ya muhogo kando. Aliuliza apakue ya watu wangapi. Nikasema wa humu ndani tu. Alikuwa ameshaweka sahani ya Kalala, kama kila Jumapili. Akairudisha kabatini, tukala.