Mursik ya Mtu Ambaye Hajaenda

Wesley,

Nani alikupa ruhusa ya kushusha kibuyu changu? Usinidanganye, nimekiona kwenye simu ya dada yako, kile chenye shanga nyekundu. Umekijaza mursik ukampa binti yako Chebet anywe mbele ya kanisa lote la Roret, pasta anapiga makofi, wewe umevaa suti ya arusi. Maziwa hayo tunampa mtu aliyerudi na ushindi. Wewe umempa mtoto ambaye hata paspoti hana.

Basi, chamgei. Habari ya mguu wa mke wako? Na ile ng'ombe nyeusi, imeshika mimba tena? Sisi huku majuu tuko. Dada yako Rael ni mzima, mtoto wake ameota meno mawili. Naandika kwa sababu nikipiga simu unasema netiwaki ni mbaya. Karatasi haina netiwaki. Mimi nilisoma gumbaru tu, darasa la watu wazima, lakini uso wa mtu nausoma bila mwalimu. Chebet alikunywa kama anayemeza dawa ya minyoo.

Kesho yake huyo mjukuu wangu alinipigia akiwa zizini.

"Kogo, baba amewaambia watu nimekubali kuja huko."

"Na wewe umekubali?"

"Hajaniuliza."

"Unataka nini?"

Nikasikia ng'ombe ikitafuna. "Nataka nafasi ya chuo cha hapa Kenya, nisome udaktari wa mifugo. Ile ya majuu wanalipa kila kitu, lakini hawana hiyo kozi. Nitasoma kompyuta. Baba anasema nikikataa nitamwaibisha."

Sikiza, Wesley. Mimi si mjinga wa kudharau skolashipu. Wengi walituma majina, wakachukuliwa wachache, na wetu ni mmoja wao. Nilijivuna mpaka nikamwambia mama mzungu wa mlango wa pili, na hata hasikii lugha yangu. Karo, chakula, ndege, kitanda, yote bure. Ile ya huko utailipa wewe kwa majani chai, na bonasi ya kiwanda hakuna anayeijua mpaka itangazwe. Chebet anajua hayo. Ndiyo maana anaogopa kusema.

Lakini dada yako pia alikuja huku kwa heshima kama hiyo. Alisoma walichomlipia, si alichotaka. Sasa anaosha wazee wa watu usiku, mchana analala, mimi nabeba mtoto. Siku baba yenu alizikwa tulikaa mezani tukaangalia kwa simu. Ilipoisha Rael akavaa viatu vya kazi akatoka. Hakulia. Mimi nikaosha vikombe. Mume wangu amefunikwa udongo, na mimi naosha vikombe. Mpaka leo sijalia. Theluji inaanguka, naiangalia kama ukuta. Sijui kama ni huzuni ama ni baridi tu imeingia ndani. Simlaumu mtu. Ndivyo ilivyo.

Labda Chebet ataweza kuliko Rael. Sijui. Wewe pia hujui. Najua tu kwamba ndama wa ile nyeusi alipokwama, mtoto ndiye alitia mkono akamvuta, na wewe ulisimama nyuma umeziba pua. Unaogopa watu watacheka? Wacha wacheke. Ng'ombe zao zikifura tumbo watakuja kubisha kwako wakimwita daktari.

Salimia mke wako, mwambie asikanyage matope na huo mguu. Salimia mama Njeri wa duka pale sokoni, sweta aliyonipa nalala nayo. Salimia ndugu ya baba yenu, mwambie asante kwa kufyeka kaburi. Pasta mwambie nilimwona.

Sasa ukimaliza kusoma, nenda zizini, kaa kwa kile kiti cha kukamulia, umwulize Chebet anataka nini. Kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Akichagua huku, aje, nitampokea mimi. Akichagua huko, usinung'unike, chuma majani chai. Jumapili simama mbele ya watu wale wale useme ulisema kabla ya kuuliza. Halafu osha kibuyu changu, kikaushe, ukirudishe juu penye moshi. Kisishuke tena mpaka mtu arudi, hata kama ni mimi.

Mama yako