Mwanagenzi Aliyeusikiliza Mshale

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyofichwa vifuani.

Mdogo wangu mpenzi, salamu na heri. Sisi hatujambo, ila uzi wa upinde umenichubua vidole.

Mchumba wa binti yako, aliyeapa mbele yetu kwamba hajapata kushika upinde, amejiunga na darasa langu la wanaoanza. Wenzake walikimbilia kuvuta uzi. Yeye aliupinda mshale kidogo karibu na sikio, akisikiliza kama una ufa, nami nilikuwa sijalifundisha hilo.

"Nani kakufunza, mwanangu?"

"Nimebahatisha tu, Mzee," akacheka.

Bahati haimfundishi mtu kutega sikio. Kujua upinde si aibu. Ndiyo maana nashuku sababu ya kuficha. Ndoa isifungwe kabla hajatueleza alikojifunzia.

Mola aihifadhi nyumba yako na wote waliomo.

Kaka yako