Majike Niliowafuta Kwenye Jedwali

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bega lile lililokuwa likikusumbua sasa linakuruhusu kuendesha cherehani bila kusimama kila mara kulinyoosha. Mwambie shemeji redio aliyonipa ingali hai, ingawa inakohoa. Mimi ni mzima wa mwili.

Uliwahi kuniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni ipi, nikakujibu kwa majivuno kwamba ni utafiti wa kisayansi, kisha nikabadilisha mazungumzo. Leo nakujibu kama ulivyostahili kujibiwa.

Nafundisha panya kutafuta njia. Tuna tangi la duara lenye maji yaliyotiwa maziwa ya unga ili chini pasionekane, na ndani yake kimezamishwa kijukwaa kidogo. Panya huwekwa majini, nami huhesabu sekunde hadi akipate. Aliyejifunza hukiendea moja kwa moja ifikapo siku ya nne; asiyejifunza huzunguka ukingoni akikwaruza ukuta. Nusu yao walipewa dawa kali ya maumivu kwa wiki tatu wakiwa bado hawajakomaa, na nusu walipewa maji matupu. Tulitaka kujua iwapo dawa hiyo huacha alama katika kujifunza.

Desturi ya maabara yetu ni kutumia madume tu. Profesa husema majike wana homoni zinazopanda na kushuka, watatuvurugia mchoro wa matokeo. Safari hii mfugaji anayetuuzia panya alipungukiwa na madume, akajazia majike, nasi tukawapokea shingo upande. Mama anayesafisha vizimba, ambaye huniita Bwana Digrii hata mbele ya wageni, alicheka akasema hatimaye nimeletewa wa kunitia adabu.

Madume waliopewa dawa walijifunza sawasawa na wenzao. Majike waliopewa maji walijifunza vizuri vilevile. Lakini majike waliopewa dawa, Dada, walizunguka. Siku ya nne, ya sita, ya kumi, walikuwa wakizunguka tu. Nilimkasirikia mmoja nikamwita mzembe. Yule mama akaweka ndoo chini, akaniuliza kama panya huyo ndiye aliyejinywesha dawa.

Wiki hiyohiyo ofisi ilinidai cheti cha kuzaliwa. Katika bahasha aliyonitumia baba zilikuwamo kadi mbili za hospitali, yangu na yako, za mwaka ule jiko la mafuta lilipotulipukia. Kwenye kadi zote mbili dawa ni ileile ya panya wangu, na wiki ni zilezile tatu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na mmoja, na kabla ya moto ule wewe ndiye uliyekuwa ukinifundisha mimi hesabu.

Tangu hapo siko peke yangu mbele ya tangi. Panya akigusa ukuta, naona kidole chako kikirudi kwenye mstari uleule wa kitabu, mezani jikoni, kwa mara ya tano. Namsikia baba akisema mtoto huyu kichwa chake kimejaa pamba. Najisikia mimi pia, nikikuhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ulipofunika kitabu. Mwaka uliofuata walikutoa shule, nami nikapewa begi lako.

Sasa nifike nilipokuwa nikipaogopa. Wakati wa kuandika ripoti, Profesa aliniachia uamuzi kuhusu majike. Alisema mimi ndiye msomi, nitaona mwenyewe. Nikawafuta. Nikaandika kwamba dawa haikuonyesha athari yoyote katika kujifunza. Akanisifu kwa mchoro safi, akaahidi jina langu litatangulia lake. Ungeweza kudhani sikujua. Dada, kadi zile zilikuwa tayari kwenye droo yangu, na nilikuwa nimezisoma mara mbili. Niliwafuta kwa sababu kama wangebaki, ningelazimika kujiuliza ikiwa kweli nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto mwerevu na mtoto mzito, au kulikuwa na watoto wawili walionyweshwa dawa moja, na mmoja akabahatika kuwa mvulana. Maisha yangu yamejengwa juu ya jibu la kwanza.

Panya si watu, na majike kumi na wawili hawathibitishi yaliyokupata wewe. Nalisema hilo kwa kuwa ni kweli, si kwa kujificha. Lakini jana asubuhi nilimpelekea Profesa ripoti nyingine yenye safu zote. Aliisoma amesimama. Akaniambia mkutano wa wanasayansi ambako ripoti itasomwa umeshaandaliwa kusikia jambo jingine, kwamba vijana huharibu kazi zao kwa kujifanya mitume, na kwamba habari ya jina langu tutaiona. Hajaitupa, wala hajaikubali. Nasubiri.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitakuja kuuomba nikiwa nimesimama mbele yako. Ila najua ukiwasomea wazazi haya, baba atasema hukuyaelewa. Kwa hiyo nimemwandikia naye barua yake, neno kwa neno kama hii, nikaambatisha nakala za kadi zote mbili. Barua hizi mbili zitafika siku ileile.

Pokea heshima zangu, Dada, ambazo zimechelewa sana.

Ni mimi,
Mdogo wako